Galaksi Tuliyoiita Mnene

Jumatatu, 3 Machi

Msonyo. Ndiyo sauti niliyotoka nayo kwenye semina leo, na mpaka sasa haijanitoka sikioni. Haukuwa mrefu. Ulikuwa mfupi na mkavu, kama wa mtu anayetoa unyuzi wa nyama kwenye jino. Profesa alinisonya mbele ya watu kumi na wanne, nami nimesimama ubaoni na chaki mkononi.

Kosa langu lilikuwa kuuliza. Nilikuwa nimechora galaksi kumi na mbili za tasnifu yangu ya uzamili, kila moja na kasi ya mzunguko wake na mwanga wake. Kumi na moja zimekaa vizuri kwenye mstari mmoja. Ya kumi na mbili iko juu peke yake, kama mgeni aliyekosea nyumba. Hiyo ndiyo tunayoiita Mnene: galaksi ndogo, hafifu, ambayo maabara yetu ilitangaza miaka miwili iliyopita kwamba imebeba maada ya giza nyingi, ule uzito usioonekana, kuliko galaksi yoyote ya ukubwa wake. Makala ile ndiyo iliyompa Profesa jina. Nikauliza, "Mbona Mnene peke yake ndiye hakai mstarini? Tuna uhakika na kasi zake?"

Akasonya. Kisha akasema, "Binti yangu, ajabu ya Mnene ndiyo makala yenyewe. Ukimnyoosha, tutabaki na nini?"

Watu wakacheka. Aliyecheka zaidi ni Desimali, mhadhiri mpya aliyesomea hapahapa, ambaye tunamwita hivyo kwa sababu hata ukimuuliza saa atakupa na sekunde. Jina lake ni la kwanza kwenye makala ya Mnene. La Profesa ni la pili. La tatu ni langu.

Nami nilicheka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko msonyo.

Mvua zimeanza.

Jumanne, 4 Machi

Dari ya ofisi yetu inavuja palepale pa mwaka jana. Tumeweka ndoo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwa Profesa kuulizia barua. Niiandike hapa mara moja ili nisiirudie kila siku: kuna taasisi yenye kundi linalopima maada ya giza, na mwaka huu wanachukua wanafunzi wanne wa uzamivu. Mwisho wa maombi ni tarehe 16 Mei. Bila barua ya msimamizi wangu hawafungui hata bahasha. Nimetaka kwenda pale tangu nikiwa na miaka kumi na minne.

Siku moja mwaka ule mwalimu wa fizikia alituambia kwamba nyota za pembezoni mwa galaksi zinakwenda mbio kuliko inavyowezekana, kwamba lazima kuna kitu kizito kinachozishika zisitawanyike, na kwamba kitu hicho hakuna aliyewahi kukiona. Kisha akafunga kitabu akasema tukapumzike. Wenzangu wakatoka. Mimi nilibaki nimekaa na hasira. Inakuwaje watu wazima wanajua kwamba sehemu kubwa ya ulimwengu hawaijui ni kitu gani, halafu wanakwenda kunywa chai? Hasira ile ndiyo iliyonisomesha. Sikuwahi kuwa na mapenzi ya nyota, yale ya kutazama juu na kuhema. Nilitaka jibu tu.

Profesa alisema, "Wiki ijayo, binti yangu. Usinichemkie kama sufuria."

Ijumaa, 14 Machi

"Barua, Profesa?"

"Wiki ijayo."

Jumapili, 16 Machi

Nimeshinda nyumbani. Baba ni mpima ardhi mstaafu, Mama bado ni mkunga hospitalini. Ukurasa wa kwanza wa makala ya Mnene umebandikwa sebuleni, juu ya redio, na Baba amepigia mstari jina langu kwa rula. Si kwa mkono. Kwa rula.

Nilimwambia Mama kuhusu msonyo.

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nilicheka."

"Afadhali. Kwa uso huo ulioukunja hapo, nani atakuandikia barua? Cheka kidogo, mwanangu, meno si yako mwenyewe?"

Baba alikuwa anapima mlango wa kabati kwa mara ya tatu. Wakati mwingine nakasirika hata na utulivu wake. Miaka thelathini na moja ya kushika futi na kuandika namba za viwanja vya watu wengine, na kamwe sijamsikia akipaza sauti juu ya jambo lolote.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua ya siku ya nne. Ndoo ya pili.

Alhamisi, 27 Machi

Nitaandika polepole.

Nimeacha kuuliza watu, nikaamua kumuuliza Mnene mwenyewe. Nimetafuta katika orodha za zamani, zile zilizopimwa kwa darubini za redio kabla sijazaliwa, kuona kama kuna aliyewahi kupima gesi yake. Yupo. Mtu mmoja, mstari mmoja, katika jedwali la galaksi mia saba ambalo nadhani halijafunguliwa na mtu kwa miaka. Kasi iliyoonekana ukingoni: kilomita arobaini kwa sekunde.

Kwetu ni themanini.

Naieleza kama ninavyomweleza mtu asiye wa fani, kwa sababu nataka niwe na uhakika kwamba sijichanganyi. Galaksi ni sahani inayozunguka. Kutoka huku tuliko tunaona kasi ile tu inayotujia au inayotukimbia. Sahani ikitugeuzia ukingo, tunaiona kasi yote. Ikitutazama uso kwa uso, hatuoni kasi yoyote hata kama inazunguka kama pangaboi. Mnene ameinama kiasi kwamba tunaona nusu tu. Kwa hiyo unachukua ulichokiona, unakizidisha kwa mbili, unapata kasi ya kweli. Unafanya hivyo mara moja.

Aliyepima zamani aliona arobaini. Mara mbili ni themanini. Hiyo ndiyo kasi ya kweli, na ndiyo namba iliyomo kwenye jedwali letu. Maana yake wale wa darubini waliotupimia Mnene walikuwa wameshasahihisha kabla hawajatupa jedwali. Nasi, kwa akili zetu zote, tukaichukua themanini tukaizidisha tena. Mia na sitini. Kasi ikiwa maradufu, uzito unaotoka ni mara nne.

Maada ya giza iliyotupa makala, semina, picha ya Profesa ukutani mwa idara, sehemu kubwa yake haipo. Haipo kwa maana ya kawaida kabisa ya neno. Nimemrudisha Mnene kwenye themanini nikachora upya. Akakaa mstarini na wenzake, galaksi ndogo ya kawaida, hana makuu.

Desimali. Yeye ndiye aliyeendesha hesabu ile. Mtu anayekupa sekunde ukimuuliza saa hakujua kama namba zake zimeshasahihishwa au bado!

Ijumaa, 28 Machi

Nimemkuta Desimali kwenye ngazi, amebeba mwavuli na karatasi za mitihani. Nilimwambia pale pale. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama chini, akatazama juu.

"Madamu Kwa Nini," akasema. Ndilo jina alilonipa mwaka wa kwanza. "Jedwali la zamani kiasi hicho, unalitegemea?"

"Nategemea hesabu. Wewe uliuliza kama zimesahihishwa?"

"Jedwali lilikuja lilivyokuja."

"Jedwali haliji lenyewe, Kaka. Lilikuja na maelezo gani?"

"Nina darasa." Akapanda ngazi mbili mbili. Mtu mzima, mhadhiri, anakimbia kama amesikia kengele.

Nimeandika hapa maneno matano juu yake kisha nimeyakata. Mama aliwahi kunifundisha kwamba ukurasa nao una heshima yake.

Jumanne, 1 Aprili

"Barua, Profesa?"

"Binti yangu, nimesema wiki ijayo. Kwani kalenda yako ina wiki ngapi?"

Jumamosi, 5 Aprili

Nilidhani Baba hataelewa. Ameelewa kabla sijamaliza sentensi.

"Mmeshusha mteremko mara mbili," akasema.

Nikamwomba arudie. Akachukua daftari akachora kilima. Ukipima kiwanja cha mlimani, futi yako inalala juu ya mteremko, na urefu unaoupata ni mkubwa kuliko ule wa kwenye ramani. Lazima uushushe kwa hesabu. Sasa hatari iko hapa: aliyepima anashusha, anapeleka ofisini, na mchoraji wa ofisini, kwa kuwa naye ni mtu makini, anashusha tena.

"Wazembe hawalifanyi kosa hilo," Baba akasema. "Mzembe angesahau kabisa, na ingekuwa sawa. Ni kosa la watu wawili makini ambao hawakuongea."

"Mlizuiaje?"

"Kila safu ya namba ilikuwa na neno juu yake. 'Mteremko', au 'mlalo'. Namba isiyo na neno juu yake, mimi sikuipokea. Nilimrudisha mtu porini na mvua yake." Akafunga daftari. "Jedwali lenu lilikuwa na neno gani juu?"

"Halina. Ni namba tupu."

"Lilikuja hivyo?"

"Sijui."

"Basi bado hujamaliza kupima, mama. Unamkasirikia mtu ambaye hujaona karatasi yake ya kwanza."

Nilimkasirikia na yeye. Nimemkasirikia njia nzima ya kurudi, kwa sababu amesema kweli.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeiona karatasi ya kwanza.

Kompyuta kubwa ya maabara haifuti kitu. Kila faili lililowahi kupita limehifadhiwa, lilikotoka na nani aliligusa na lini. Jedwali la Mnene lilipofika kutoka kwa walioipima lilikuwa na mistari sita ya maandishi juu ya namba. Jina la galaksi. Tarehe. Jina la darubini. Mstari wa nne unasema: "Kasi zimeshasahihishwa kwa mwinamo. Usisahihishe tena." Mstari wa tano unataja pembe. Wa sita ni shukrani.

Toleo la pili la faili halina mistari hiyo. Linaanza na namba moja kwa moja. Jina la faili ni lilelile, limeongezwa neno "safi" mwishoni. Na pale panapoonyesha aliyelibadilisha pana jina langu.

Miaka mitatu iliyopita. Likizo ya mwaka wa tatu. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na Profesa alinipa meza kwenye maabara kwa wiki sita, na nilikuwa nafika kabla ya mlinzi kufungua. Desimali aliniambia programu yake inakwama ikikuta maandishi, inataka namba peke yake, kwa hiyo nisafishe mafaili yote arobaini, nifute kila kilichoko juu. Nikafuta. Nimeitafuta na barua pepe niliyomtumia jioni ile. Ipo. Nainakili hapa kwa mkono wangu, neno kwa neno, kama adhabu ya shule:

"Kaka, nimesafisha yote. Hili la ile galaksi hafifu lilikuwa na mistari sita juu, nimeitoa, haikuwa na kazi."

Haikuwa na kazi.

Niliihesabu. Mistari sita, niliihesabu na sikuisoma. Ningeisoma ningetumia sekunde nane.

Wiki nzima nimembeba Desimali kichwani kama mtuhumiwa. Nimemtukana bafuni, nimemtukana kwenye foleni ya chakula. Na mkono uliofuta ni huu huu unaoandika. Nilijua hasira inafika mpaka wapi ikiwa juu ya mtu mwingine. Ikinigeukia mimi, sijui niiweke wapi. Haina pa kukaa. Nimefua nguo zote nilizonazo, na mvua hii hakuna hata moja itakayokauka.

Jumanne, 8 Aprili

Sikwenda.

Jumatano, 9 Aprili

Sikwenda.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimemwambia Profesa. Nilijiandaa siku nane. Nilipanga kuanza na kosa langu, kisha la Desimali, kisha tuandike sote watatu barua ya kusahihisha, ambayo ndiyo desturi ya kazi hii: ukikosea hadharani, unasahihisha hadharani, katika jarida lilelile. Nilichapa michoro miwili nikaifunika kwa plastiki kwa ajili ya mvua.

Alinisikiliza akiwa anamenya chungwa kwa kisu kidogo. Ganda lilitoka zima bila kukatika. Nilipofika kwenye arobaini na themanini, alisema, "Mm." Nilipofika kwenye mistari sita, alisema, "Kaa."

"Nitasimama, Profesa."

"Simama basi. Wale waliotupimia waliniandikia Oktoba."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Oktoba hii iliyopita?"

"Kwa upole mwingi. Watu wastaarabu sana wale. Nikawajibu tunaliangalia."

"Nani analiangalia?"

"Mimi." Akala pande la chungwa. "Sasa nisikilize, kwa sababu una kichwa kizuri na sitaki ukigonge ukutani. Tumeomba muda kwenye darubini kubwa, kwa jina la Mnene. Jibu linatoka Juni. Tukipewa, tutampima upya wenyewe, tutaandika makala mpya, na ndani yake tutasema kwa sentensi moja kwamba thamani ya awali imeboreshwa."

"Imeboreshwa."

"Ni neno zuri."

"Na watu wanaotumia thamani ya awali sasa hivi? Kuna makala kumi na tisa zimetutaja, Profesa. Nimezihesabu. Kuna mwanafunzi mahali fulani anajenga tasnifu yake juu ya Mnene."

"Atajifunza kutomwamini mtu. Ni somo muhimu."

Nilisema jambo ambalo siliandiki, kwa sauti ambayo katibu muhtasi aliisikia kupitia ukuta, maana kiti chake kililia. Profesa hakukasirika. Alipangusa kisu kwa leso.

"Ukitaka tuseme nani alikosea, tutasema," akasema. "Ninayo ile barua pepe. 'Haikuwa na kazi.' Nilicheka peke yangu nilipoisoma, nakuambia kweli. Sikukuambia kwa sababu nilikuhurumia. Na barua yako ya taasisi nimeshaianza. Unajua inasema nini? Inasema ukiwa bado mwanafunzi wa mwaka wa tatu ndiwe uliyeandaa data za Mnene. Ndiyo sifa yako kubwa. Makala ikianguka, hiyo sentensi inaanguka nayo. Mimi sikusukumi. Nakuonyesha tu ulipokanyaga."

Nilitoka. Nilisimama chini ya ukumbi wa nje nikitazama maji yanavyokimbia kwenye mfereji na maganda na karatasi na kiatu cha mtoto. Tangu mwezi uliopita nilikuwa namkasirikia kwa kunisonya nilipouliza. Kumbe ananihifadhia kosa langu, ameliweka mahali pazuri, na sasa amenishika nalo mkono kama anavyoshikwa mtu wa kuvushwa barabara. Anaiita huruma. Pengine kweli kwake ni huruma. Hilo ndilo linalonichoma: sikumwona kama mtu mwovu. Nilimwona mtu aliyechoka, mwenye chungwa, aliyepata kitu kimoja kikubwa maishani na hataki kukirudisha.

Jumamosi, 26 Aprili

Niliwaambia wazazi wote wawili, mezani, bila kumung'unya maneno.

Mama alianza. "Chukua barua kwanza. Ukishafika huko ulikotaka kufika, ukae, ujulikane, ndipo useme."

"Nitakuwa nimeingia kwa sentensi ya uongo, Mama."

"Utakuwa umeingia."

"Hospitalini mtu akikosea dawa, mnafanyaje?"

"Tunaandika kitabuni."

"Nani anaandika?"

"Aliyekosea." Akaona alikojipeleka, akapiga meza kwa kiganja. "Usinitege! Kule ni watu. Mtu anaweza kufa. Hizi zako ni nyota, hazijui hata kama mmekosea."

Nikamgeukia Baba. Nilimgeukia kwa ushindi, nakiri. Mtu wa neno juu ya kila safu. Nilikuwa na uhakika naye kuliko nilivyo na uhakika na hesabu.

"Subiri barua," akasema.

"Baba? Wewe?"

"Wewe ulikuwa mtoto. Walikuambia ufute, ukafuta. Wao ndio waliotakiwa kuuliza."

"Ungemrudisha mtu porini. Ulisema. Na mvua yake."

"Kazini nilikuwa mpima ardhi," Baba akasema. "Hapa mimi ni baba yako. Sitaki urudi na mvua."

Sauti yake ilikatika kwenye neno la mwisho. Sijawahi kuisikia ikikatika. Nilikuwa nimekuja na maneno makali ya kuwamwagia na yote yakanibaki mdomoni. Niliosha vyombo. Mama alivipangusa.

Nimewakasirikia hata hivyo. Inawezekana kumpenda mtu na kumkasirikia kwa pumzi moja, nami ndivyo nilivyo leo.

Ijumaa, 2 Mei

"Barua, Profesa?"

"Imekaribia."

Hajataja Mnene. Sijataja Mnene. Tumekuwa na adabu kama wageni wa msibani.

Jumatano, 7 Mei

Desimali alikuja ofisini kwangu, akafunga mlango, akasimama katikati ya ndoo mbili. Amekonda. Shati lake lilikuwa limekosea kifungo kimoja, na huyu ndiye Desimali.

"Mimi ndiye niliyekuambia ufute," akasema.

"Najua."

"Hukuwa na sababu ya kujua nini kinafutwa. Mimi nilikuwa nayo. Ningekuuliza mistari hiyo inasema nini. Ilinipita." Akagusa kile kifungo. "Profesa aliniambia Oktoba."

"Kwa hiyo siku ile kwenye ngazi ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukaniambia jedwali ni la zamani."

"Ni la zamani kweli," akasema, na Mungu anisamehe, tulicheka sote wawili, kicheko kibaya.

Nikamwambia, "Tuandike pamoja. Majina mawili."

Akatazama ndoo. Ajira yake inathibitishwa Julai, na faili lake lote ni makala ile. Ana watoto wawili wadogo, mmoja hana hata miezi sita. Alisema, "Usiandike kwamba nimekubali. Wala usiandike kwamba nimekataa."

"Hiyo si namba, Kaka. Hiyo haina hata desimali."

"Najua," akasema. Alipofika mlangoni akageuka. "Hesabu yako ni sahihi. Niliirudia mara tatu. Kama itakusaidia."

Haikunisaidia, lakini nimeacha kumtukana bafuni. Hofu yake naijua, ni ileile yangu, ila yeye ana watoto wa kuiegemeza.

Jumatatu, 12 Mei

Zimebaki siku nne. Hakuna barua. Nimepiga teke ndoo kwa bahati mbaya. Si kwa bahati mbaya.

Jumatano, 14 Mei

Barua imekwenda.

Katibu muhtasi aliniita kwa kidole. Tunamwita Mama Muhuri, kwa sababu hakuna karatasi inayotoka idarani bila mkono wake.

"Imeenda leo saa nne, mwanangu. Nimeigonga mwenyewe. Na nimeisoma, unisamehe, kazi hii ina faida zake. Nikatamani barua ile iwe yangu."

"Inasemaje, Mama?"

"Inasema mfano wako haujapata kuonekana. Ngoja." Akafumba macho kukumbuka. "'Umakini wake ni wa kipekee. Hakuna mstari unaompita bila kuusoma.'"

Nilimshukuru. Nilishuka ghorofa tatu kwa miguu, nikafika chini, nikapanda tena zote tatu, kwa sababu nilikuwa nimesahau mkoba.

Hakuna mstari unaompita! Aliandika hivyo akijua. Sitaki kuamini kwamba alikuwa ananidhihaki. Nadhani aliandika tu yale yanayoandikwa siku zote. Lakini mahali fulani sasa hivi kuna watu wanne au watano, ambao nimesoma kazi zao zote, wanaisoma sentensi hiyo na kuniamini.

Nimepata kila kitu ambacho Mama alisema nikipate kwanza. Kilichobaki ni kunyamaza mpaka Agosti wanapopokea wanafunzi, niingie, nikae, nijulikane. Nimejaribu kujiona huko Agosti, kwenye meza yangu mpya, mtu ananipa jedwali. Naona tu namba. Sioni ninachomjibu akiuliza kama nimesoma maandishi ya juu.

Alhamisi, 15 Mei

Nimetuma asubuhi hii. Barua tatu.

Ya kwanza nimeiandikia taasisi, kwa sababu huko ndiko ninakoogopa zaidi na sikutaka kuiandika nikiwa nimechoka. Nimewaambia kwamba barua ya msimamizi wangu inanisifu kwa jedwali ambalo niliharibu, nikaambatanisha faili la mwanzo, faili langu, na hesabu mpya ya Mnene. Nimewaomba wanipime kwa hesabu hiyo, na kama haitoshi, wanitoe kwenye orodha.

Ya pili ni ya jarida. Inaanza hivi: "Nilifuta mistari sita ya juu ya jedwali bila kuisoma." Baada ya hapo ni fizikia. Sikutumia neno "kuficha" mahali popote. Niliandika kwamba waliopima waliijulisha maabara mwezi Oktoba, nikaweka tarehe ya leo chini, msomaji ahesabu miezi mwenyewe. Juu ya Desimali nimeandika tu kwamba hesabu ilirudiwa na mtu mwingine na ikapatikana sahihi. Amekataza mawili; hili la tatu hakulitaja.

Ya tatu ni ya Profesa, yenye nakala za zote mbili. Nimemtumia dakika kumi kabla ya hizo nyingine, si baada. Alikuwa na dakika kumi za kunipigia. Simu ilikuwa mezani mbele yangu, na haikuita.

Ilipofika saa tatu na robo zote zilikuwa zimekwenda. Nikampigia Baba kumwambia, kisha nikala.